Neno Zito na Neno Jepesi

Maneno yalikuwa mawili, na Inspekta Ndeti alitakiwa kuchagua moja kabla lori la mahabusu halijaondoka Ikutha kwenda Kitui. Yote mawili yalikuwa ya Kiingereza: murder na manslaughter. Yote mawili maana yake ni kwamba mtu amekufa kwa mkono wa mtu. Lakini neno la kwanza lina kitanzi, na la pili lina jela, na jela angalau ina mlango wa kutokea.

Mkubwa wake kule Kitui hakuona ugumu wowote. Asubuhi alikuwa amemwambia kwenye redio ya polisi: "Ndeti, mtu amekiri mwenyewe. Mshale ni wake, maiti ilikuwa kwake. Andika murder, uje nyumbani." Kisha redio ikakoroma na kunyamaza. Wakubwa hukata maneno vizuri sana wakiwa mbali na harufu ya maiti.

Uje nyumbani. Ndeti alilirudia hilo kimoyomoyo akatabasamu kidogo. Tangu Mumbua, mkewe, azikwe, nyumbani kwake Kitui kulikuwa na kitanda, jiko la makaa na kalenda ya mwaka jana. Hakuwa na haraka ya kurudi huko.

Aliyeuawa aliitwa Ugas, mfanyabiashara wa mifugo aliyezoea kuzunguka vijiji vya Ikutha kununua mbuzi. Maiti yake ilikutwa katika zizi la mzee mmoja aitwaye Nzomo, nje kabisa ya soko, mahali ambapo mashamba yanakwisha na pori linaanza. Mshale wa sumu ulimwingia chini ya kwapa. Hakuna aliyemkamata Nzomo. Alitembea mwenyewe hadi kituo cha polisi, akaegemeza fimbo yake mlangoni, akasema, "Nimeua mtu. Nifungieni." Kwa polisi wengi hiyo ni zawadi. Kwa Ndeti zawadi ya namna hiyo ilikuwa ya kufunguliwa taratibu.

Alitoa mfukoni kipande cha ngozi na kukiweka mezani. Kilikuwa ukanda mwembamba wa ngozi ya digidigi, laini, mweusi kwa uzee. Alikuwa ameuokota jana kwenye kizingiti cha jiko la kina Nzomo, huku askari wengine wakihangaika na nyayo zizini.

Kwa Wakamba mshale wa sumu hautembei uchi. Kigumba, ile ncha ya chuma, hufungwa ukanda wa ngozi ili sumu isikauke, na ili mwenyewe asijikwaruze akafa kabla ya mnyama. Ndeti hakuyasoma hayo katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Babake alikuwa mwindaji kule Kanyangi, na mara nyingi alimwona akivizia. Mtu anayevizia huufungua ukanda taratibu, akauzungusha kidoleni, kwa maana mnyama asipotokea ataufunga tena mshale wake na kwenda zake. Ukanda ni wa kutunzwa.

Lakini huu haukufunguliwa. Fundo lake lilikuwa bado limekaza vilevile. Ulikuwa umeng'atwa kwa meno ukakatika, ukatemwa kizingitini, na alama za meno zilionekana wazi kwenye ngozi. Nani mwenye akili anayepeleka mdomo karibu na sumu ile? Ni mtu asiye na nafasi hata ya kufungua fundo.

Na hapo ndipo maneno yale mawili yanapoachana. Ili kuua kuitwe murder, sheria inataka nia mbaya iliyotangulia. Nia ifike kwanza, mkono ufuate. Mtu aliyeng'ata ukanda hakuwa na nia iliyotangulia. Alikuwa na hofu. Ukanda ulisema manslaughter, na mwenye mshale alikuwa selini akisema alipanga tangu asubuhi.

"Hii ni ajabu," Ndeti alimwambia Sajini Mbuvi. "Shahidi anamtetea mshtakiwa, na mshtakiwa anamkana shahidi."

Sajini Mbuvi, mtu mnene wa Ikutha hapohapo, aliutazama ukanda kwa heshima lakini hakuugusa. "Afande, si walikosana sokoni? Watu wengi waliona. Nzomo alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka. Siku hiyohiyo Ugas anakufa. Sasa hapo unatafuta nini?"

"Natafuta sababu ya mtu kung'ata ukanda huu. Niitie nduguye marehemu."

Muktar alikuja akiwa amevaa kikoi na koti, macho mekundu. Alikuwa ndugu mdogo wa Ugas, na alikuwa amemzika nduguye jana jioni kwa wakati, kama dini yao inavyotaka. Alikataa chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Nataka haki, bwana mkubwa. Basi. Watu wengine wa kwetu wanasema twende kule kwa mzee tuchome. Mimi nimewazuia. Nimesema serikali iko."

"Umefanya vizuri. Niambie, Nzomo na nduguyo walikuwa maadui?"

Muktar alimtazama kana kwamba ameulizwa kama mvua ni kavu. "Adui? Ugas akilala upande huu, alikuwa analala kwa Nzomo. Mzee alikuwa anamwekea maziwa yake kwa kibuyu kisafi, ile haijaguswa pombe. Wallahi, mimi nilikuwa namwambia ndugu yangu, wewe sasa umekuwa Mkamba."

"Na yale makelele sokoni?"

"Ile ni bei!" Muktar karibu acheke, kisha akakumbuka. "Kila mnada ilikuwa hivyo. Huyu anasema mbuzi yako imekonda, yule anasema wewe mwizi, rudi kwenu. Wakimaliza wanashikana mkono. Siku hiyo walipatana. Ugas aliniambia jioni anapitia kwa mzee kuchukua mbuzi." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi ndiyo sielewi, bwana. Kama ni mtu mwingine ningeelewa. Sasa sina hata mtu wa kuchukia sawasawa."

Ndeti alimsindikiza hadi nje, akabaki akimtazama akivuka uwanja peke yake. Ikutha ni mahali ambapo mtu akipiga chafya huku, ng'ambo ya soko wanamwambia pole. Lakini watu waliokuwa kivulini mwa maduka walimwona Muktar akipita na hakuna aliyemwambia pole. Walimwogopa kwa msiba wake.

Basi ugomvi ulikuwa bei tu, na Nzomo alijua ni bei. Alikuwa ameuchukua mbele ya macho ya soko zima akaufanya sababu ya kuua. Mtu anayejitafutia sababu ya kunyongwa anataka nini?

Ndeti alinunua nyama ya mbuzi ya kuchoma, ugali na mchuzi kwenye hoteli ya jirani, akaingia navyo selini. Nzomo alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka, mikono mapajani. Alikuwa mzee mrefu aliyekauka, na alimkaribisha Ndeti kwa kichwa kana kwamba seli ni boma lake.

"Mzee, leo sikuulizi kama uliua. Nataka kukuambia kitu. Kuna maneno mawili ya Wazungu, na lazima niandike moja."

"Niambie, mwanangu."

"La kwanza ni murder. Hilo ni kuua ukiwa umekusudia. Umekaa, umefikiria, umesema moyoni fulani afe, halafu ukaenda. Hilo adhabu yake ni kunyongwa. La pili ni manslaughter. Hapo mtu amekufa mikononi mwako lakini hukukusudia afe. Hasira imekushika ghafla, ama umefanya jambo bila kuangalia. Hapo ni jela, na jaji akikuonea huruma si miaka mingi."

Nzomo alisikiliza kwa makini. "Wazee wetu hawakuwa na hiyo tofauti. Mtu akifa, amekufa. Ukoo wako unalipa ng'ombe, ulikusudia, hukukusudia. Mwenye kufiwa si amefiwa tu?"

"Serikali inataka kujua moyo wako ulikuwa wapi."

"Sasa hii ya pili, ile nyepesi. Ukiandika hiyo, itakuwa namna gani?"

"Tutarudi kwako. Korti itataka kujua ulisimama wapi, uliona nini, kulikuwa na mwanga kiasi gani, nani mwingine alikuwa nyumbani. Bintiyo Nthenya ataitwa aeleze."

"Na ile nzito?"

"Ukikubali kwamba ulikusudia, maswali ni machache."

"Andika hiyo," alisema Nzomo.

Alisema upesi mno. Ndeti alikuwa ameyaeleza maneno hayo mawili kwa watu wengi katika kazi yake. Wezi wa ng'ombe, walevi, mume aliyempiga mkewe kwa mchi, wote walililia lile jepesi. Wengine walilishika kama mtu anayezama anavyoshika nyasi. Hakuwahi kuona mtu akiwekewa yote mawili mbele yake, akauliza bei ya kila moja, kisha akachukua kitanzi.

"Mzee, hilo linanyonga."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Ndeti alimsogezea sahani. "Basi kula kwanza."

Mzee alishukuru, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akautafuna taratibu upande wa shavu. Nyama hakuigusa. Ndeti alipomsukumia pande la ubavu, alilirudisha kwa adabu.

"Hii ningeweza zamani, mwanangu. Sasa nimebaki na magego tu." Akafunua mdomo kumwonyesha. Mbele, juu na chini, palikuwa na ufizi mtupu, umepona na kung'aa.

Ndeti alihisi ukanda ukimchoma mfukoni. Meno yaliyoung'ata yalikuwa ya mbele, na yalikuwa mazima. Alimtazama mzee akimega tonge jingine, akamwonea huruma kwa namna ambayo haikupaswa kuwa ya kipolisi. Kisha akamwita Mbuvi awashe Land Rover.

Njiani Sajini alibisha mpaka akachoka. "Afande, pale kuna mwanamke na mtoto mchanga. Mume wake alienda Mombasa akapotelea huko. Hakuna mwanamume mwingine."

"Najua."

"Sasa unaenda kuuliza nani? Mwanamke hashiki uta. Hata akipita karibu na sumu ikipikwa, sumu inakufa. Kila mtu anajua hiyo."

"Kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna aliyemwuliza. Hata mimi jana nilimwomba maji ya kunywa, nikashukuru, nikaendelea kutafuta mwanamume."

Barabara iliendelea kuwa mbaya, na baada ya nyumba ya mwisho hapakuwa na kitu ila miiba na udongo mwekundu.

Boma la Nzomo lilikuwa kimya. Nthenya alikuwa ameketi juu ya ngozi mbele ya jiko, mtoto amelala kando yake kwenye leso. Alikuwa akisuka kiondo, kikapu cha nyuzi. Vidole vyake vilikwenda mbio, na hakuinua macho gari liliposimama. Alipofika mwisho wa uzi wa katani aliupeleka mdomoni, akaung'ata mara moja, ukakatika, akashika mwingine.

Ndeti alichuchumaa mbele yake. "Hujambo, Nthenya."

"Sijambo. Baba amekula?"

"Amekula. Naomba huo uzi."

Nthenya alimpa bila kuuliza. Ndeti alitoa ukanda, akauweka kwenye kiganja sambamba na uzi. Katikati ya alama za meno kwenye ngozi palikuwa na nafasi, ndogo lakini dhahiri, mahali ambapo meno mawili ya juu hayakukutana. Alimtazama Nthenya usoni. Ulikuwa uso mzuri uliochoka, na midomo ilipoachana aliuona mwanya wake. Wanaume wengi walikuwa wameusifu mwanya huo kabla yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikitikia.

"Baba yako hana meno ya mbele," alisema.

Nthenya aliweka kiondo chini, akautazama ukanda.

"Ulifungwa sana," alisema. "Fundo lilikataa. Na mbuzi zilikuwa zinalia."

"Nieleze."

"Kuna chui. Mwezi wote amekuwa akikuja, uliza majirani. Ile jioni baba alikuwa ameenda kuangalia mizinga yake ya nyuki, bado hajarudi. Giza lilikuwa linaingia. Nikiwa jikoni nikasikia mbuzi zinapiga kelele na kukimbia huko ndani ya zizi. Mtoto alikuwa hapo nje, kwa ngozi, katikati yangu na zizi." "Uta wa baba hutundikwa jikoni, hapo juu ya moshi. Niliona kitu kimeinama kati ya mbuzi. Nikapiga."

Sajini Mbuvi alishindwa kujizuia. "Nani alikufundisha kupiga?"

"Baba. Hakupata kijana wa kiume. Alikuwa ananipeleka huko ndani ya pori nikiwa mdogo, mahali watu hawaoni. Alisema mtu anayeishi peke yake mwisho wa njia haulizwi kama ni mwanamke."

"Wanasema sumu hufa mwanamke akiishika," Mbuvi alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, wanasema. Nilipofika pale nikaona ni Ugas, nikaomba iwe kweli." Machozi yalimtoka sasa, naye hakuyafuta. "Alikuwa hajakufa. Nilimshika kichwa, nikamwambia itakuwa imekufa, hii sumu imekufa, nimeishika mimi. Alikuwa ananiangalia tu. Aliniita mwanangu."

Mbuzi mmoja alikohoa zizini. Ugas alifika jioni akaita hodi, labda, na mbuzi wakaizima sauti yake kwa milio yao. Aliingia zizini kuwaangalia mbuzi wake kama mtu aliye kwao, kwa sababu alikuwa kwao.

"Baba aliporudi alisema niende ndani ninyamaze," Nthenya aliendelea. "Alisema nikifungua mdomo atanilaani, mimi na mtoto. Hajawahi kuniambia neno baya maisha yake yote. Nikanyamaza. Lakini nimeshindwa kulala. Nilikuwa namaliza hiki kiondo kwanza, kiwe cha nguo za mtoto, nije huko kwenu. Afadhali alaani."

Ndeti aliinuka akaenda hadi kwenye zizi, akawapa mgongo. Alijua kuna njia ya tatu. Angeweza kuutupa ukanda motoni. Angeweza kumwandikia Nzomo lile neno jepesi, mzee akatumikia miaka michache, mama akabaki na mwanawe. Hakuna mtu Ikutha ambaye angeuliza. Aliifikiria kwa dhati, kwa muda mrefu kuliko afisa wa polisi anavyopaswa. Kisha akamkumbuka Muktar kwenye ncha ya kiti, mtu asiye na wa kumchukia sawasawa. Muktar alistahili angalau kuambiwa kwamba nduguye hakusalitiwa na rafiki. Na Nthenya alikuwa anakuja mwenyewe, kiondo mkononi.

"Chukua nguo za mtoto," alisema. "Atakuwa nawe. Nami nitaandika nilichokiona: chui, giza, fundo lililokataa. Neno langu litakuwa manslaughter, na nitalisimamia kortini."

"Hiyo ni ipi?"

"Ni ile nyepesi."

Nthenya alimbeba mtoto mgongoni akafunga leso kifuani. "Kwa Ugas ni nyepesi pia?" aliuliza, na Ndeti akafungua mlango wa gari.

Walipofika kituoni lori la Kitui lilikuwa tayari limewasha injini. Muktar alikuwa uwanjani. Ndeti alimvuta kando akamweleza yote, bila kuficha jambo. Muktar alisikiliza huku akimtazama mtoto aliye mgongoni mwa mamake.

"Ugas ndiye alimletea huyu mtoto maziwa ya ngamia alipozaliwa," alisema. "Mkiniita, nitasema kwamba waliishi vizuri." Kisha akageuka akaenda zake haraka, asije akaonekana akilia.

Nzomo alikuwa mlangoni mwa kituo, kwa kuwa Mbuvi alishamfungulia. Alimwona bintiye akipandishwa lorini. Hakupiga kelele. Nthenya aliinamisha kichwa kutoka juu ya lori, akisubiri laana, na mzee akatembea hadi ubavuni mwa lori, akainua mkono, akaushika unyayo wa mtoto uliochomoza kwenye leso. Akatema mate kidogo kifuani mwake mwenyewe, kama wazee wa huko wanavyobariki. Lori likaondoka.

Vumbi lilipotua, Nzomo alikuwa bado amesimama palepale.

"Uko huru, mzee," Ndeti alimwambia. "Huna kosa la kujibu. Kwa ule uongo nitajua la kuandika. Sajini atakupeleka nyumbani kwa gari."

"Nyumbani kuna nini?"

"Kuna mbuzi. Kuna nyuki wako."

"Mimi nilichagua, mwanangu. Ulinieleza hayo maneno yako vizuri sana, nikaelewa, nikachagua. Kunyongwa ni siku moja." Hakusema kwa hasira. Aliiokota fimbo yake, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Sasa nikiingia jioni kutoka kwa mizinga, nani ataniuliza kama nimekula?"

Ndeti mwenyewe hakuwa ameulizwa swali hilo tangu mkewe Mumbua afe.